Profesa na Samaki wa Lokandu

Profesa wetu wa biashara sikuwahi kumwona akiuza kitu mtu akakinunua. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo watu wa Kindu hulitaja kwanza habari zake zikiguswa, nami nilikuwa mwanafunzi wake miaka mitatu, kisha jirani yake miaka mingi zaidi, kwa hiyo nilipata muda wa kutosha wa kulihakikisha. Alizaliwa wapi, baba yake nani, siyajui hayo, na yeye hakuyasema. Ukimsikiliza ungedhani alizaliwa Ubelgiji, akiwa tayari na chaki mkononi.

Darasani alisema Kifaransa tu. Kilikuwa Kifaransa kizuri, sikatai. Kilitiririka kama maji ya bomba, na kama maji ya bomba ya Kindu kilikatika bila taarifa. Akikasirika kilimtoka chote, akabaki na Kiswahili chetu cha hapa hapa, chenye "njo" badala ya "ndiyo", kile alichotukataza kukisema hata uani.

"Weye unacheka nini? Unazani biashara njo muchezo?"

Ndipo tulipocheka kweli, na ndipo alipofuta ubao wote, hata yale ambayo hatujayanakili, akatoka.

Alikuwa mfupi, shingo nene, na abakosti mbili, moja ya kahawia na moja ya kijivu. Siku hizo kila mwanaume mwenye cheo alilazimika kuvaa lile koti la Chama lisilo na tai. Wengine walilivaa kama adhabu. Yeye alilivaa kama ngozi yake. Zote mbili zilipigwa pasi mpaka viwiko vikang'aa. Siku za Jumamosi, mji mzima ulipotolewa kufyeka majani kando ya barabara kwa amri ya serikali, Profesa alikuja na abakosti na panga jipya, akasimama kivulini akitueleza namna Wabelgiji wanavyogawa kazi kiwandani. Panga lile lilizeeka bila kuonja jani.

Alikuwa na misemo. "Mufanyabiashara hainami." Huo aliupenda. Mwingine: "Biashara ni akili, jasho ni la mpagazi." Siku moja aliutoa huo sokoni Kasuku, mbele ya meza ya mwanamke muuza mchele aliyekuwa akijifuta uso. Mwanamke yule akamtazama, akauliza kwa adabu kabisa:

"Sasa, Profesa, akili yako unauza kilo ngapi?"

Soko zima lilicheka. Yeye akatabasamu kama mtu aliyesifiwa. Nadhani aliamini amesifiwa.

Kabla ya kuja kutufundisha, Profesa alipata bahati ambayo wafanyabiashara wa kweli wa Kindu waliililia. Serikali ilipochukua maduka ya wageni na kuyagawa kwa wenyeji, yeye alipewa duka la Mgiriki mmoja karibu na stesheni, duka lililojaa mpaka darini: vitenge, sukari, misumari, dagaa wa makopo, mabakuli ya enameli. Mama yangu alikuwa mteja wa duka lile, na ndiye aliyenisimulia. Kwanza sukari ilikwisha. Profesa hakuagiza nyingine, kwa sababu hakujua inaagizwa wapi, na kumwuliza Mgiriki aliyekuwa akifunga mizigo yake kungekuwa kuinama. Kisha vitenge vikaenda kwa wake za wakubwa, kimoja kimoja, kama heshima. Kisha makopo. Mwisho zikabaki rafu tupu na yeye nyuma ya kaunta, amekaa wima, anasoma kitabu. Halafu rafu nazo zikaenda, zikawa kuni za mtu.

Mwingine angenyamaza juu ya jambo hilo mpaka kaburini. Yeye alilileta darasani. Alichora ubaoni duka lenyewe, akaliita "mfano wa soko lisilokomaa." Wasiokomaa walikuwa sisi, wateja. Niliandika somo hilo daftarini nikijua kwamba mama yangu ni mmoja wa waliolaumiwa, nikapata alama nzuri kwenye mtihani.

Na nyumba yake ililishwa na nani? Na mkewe. Huyo alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyetoka na beseni la mafuta ya mawese kila asubuhi, akaweka chupa zake juu ya meza ndogo mbele ya ua. Alijua bei ya mawese ya Kailo na ya ng'ambo ya mto, alijua nani anaongeza maji, alijua siku ya kuuza na siku ya kungoja. Biashara yote ambayo mumewe aliifundisha alikuwa nayo kwenye vidole vyake. Wageni wa chuo walipokuja, Profesa alitangulia kwa dirisha akasema, "Ondosha ile meza." Naye akaiondoa. Wakishaondoka akairudisha.

Niliwahi kumwuliza, siku moja nikinunua kwake, Profesa yuko wapi.

"Iko ndani, anaandika kitabu ya biashara," akanijibu, akinimiminia bila kumwaga hata tone. "Mimi nauzisha mafuta, yeye apate kununua wino."

Hakucheka. Sijui hata leo kama alikuwa akimtetea au akimsema.

Sasa nieleze la mashindano, maana bila hayo Profesa angebaki kichekesho tu kwangu, na kichekesho hakichukiwi.

Mwaka wetu wa mwisho chuo kilitangaza kwamba kila kundi la wanafunzi lenye mradi wa biashara lisimame mbele ya juri, yaani jopo la waamuzi, na kuueleza. Mshindi angepewa chumba karibu na stesheni cha kuanzia kazi, vifaa, na barua ya mkoa ya kumfungulia milango. Profesa aliteuliwa kuwa mkuu wa juri, na papo hapo akawa pia mshauri wa washindani. Hakuna aliyeona ajabu. Siku hizo mtu mmoja aliweza kuwa mchezaji, refa na mwenye mpira.

Kwangu halikuwa jambo la kujionyesha. Baba alikuwa ameniambia wazi: ukimaliza chuo bila kazi, unaolewa, na mume mwenyewe alikuwa ameshaonekana, mtu mzima wa Kasongo mwenye wake wawili. Nikashirikiana na Mbuyi. Mbuyi alikuwa mtoto wa fundi wa reli, familia ya Kasai iliyohamia Kindu na gari-moshi, kijana mwenye mikono ya kazi na kicheko kisichojua mahali pa kukaa. Kicheko hicho nitakirudia.

Mradi wetu ulikuwa samaki. Mama mdogo, ndugu wa mama yangu, aliishi Lokandu, mto unakoteremkia, na alikausha samaki kwa moshi vizuri kuliko mwanamke yeyote wa ukingo ule wa mto Lualaba. Samaki wa wengine walipopakiwa kwenye gari-moshi kwenda kusini walifika na funza. Wake walifika kama walivyoondoka. Mbuyi alikwenda Lokandu wiki nzima, akamtazama akifanya kazi, akachora tanuri ya matofali yenye vichanja vya waya, kimoja juu ya kingine, ili moto mmoja ukaushe kwa mara moja samaki wa siku tatu. Mama mdogo aliitazama ile picha muda mrefu, akaweka kidole.

"Hapa moshi itakosa njia. Fungua hapa."

Mbuyi akafungua pale. Tulikuwa na mradi.

Tukaupeleka kwa Profesa. Aliusoma mbele yetu na kalamu nyekundu mkononi, miguu imenyooshwa, na kila alipofika kwenye jina la mama mdogo alilikata.

"Huyu njo nani?"

"Njo mama mudogo yangu, Profesa. Yeye njo anajua hii kazi."

"Hapana sema mama mudogo. Mbele ya juri hakuna mama mudogo. Andika: *uchunguzi wa kisayansi umeonyesha*."

Tukaandika uchunguzi wa kisayansi. Akafika kwenye sentensi iliyosema kwamba samaki akitoka motoni alazwe kivulini siku nzima apoe, ndipo afungwe kikapuni. Akapiga mstari mwekundu mpana.

"Siku nzima samaki analala? Hii ni sentensi ya uvivu. Wakati njo mali. Akitoka motoni, afungwe, apande gari-moshi."

"Lakini Profesa," Mbuyi akasema, "akifungwa na joto atatoa jasho, ataoza."

"Umesomea wapi?"

Mbuyi akautazama ule mstari mwekundu. Alikuwa amesomea Lokandu.

Kisha Profesa akagawa maneno. Mbuyi angeeleza mradi. Mimi, kwa kuwa msichana, ningesimama kando na kitenge cha Chama nikishika sinia ya samaki, na nisiseme. Nikakataa, nafikiri ndiyo mara pekee niliyomkatalia. Akanitazama, akafikiri, akanipa sentensi moja. Aliiandika kwa mkono wake kwenye kipande cha karatasi, niikariri. Ilisema: "Wanawake wa mtoni wanaharibu samaki kwa ujinga wa mazoea, na mradi huu unakuja kuwatoa gizani."

Nikaikariri. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha dada yangu. Natamani ningesema kwamba iliniuma. Haikuniuma. Niliona ni sentensi nzuri, yenye uzito, na niliona chumba cha karibu na stesheni.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Kwanza tulicheza na kuimba nyimbo za kumsifu Rais, kama ilivyokuwa desturi kabla ya jambo lolote, hata mazishi ya mkubwa. Juri ilikaa mbele: Profesa katikati na abakosti ya kijivu, mkubwa wa mkoa kulia kwake, na bwana wa reli kushoto, ambaye alisinzia. Kundi la kwanza lilileta kiwanda cha matofali. La pili lilileta ufugaji wa kuku, na msemaji wake alikuwa mpwa wa mkubwa wa mkoa. Kijana yule alitundika ukutani picha kubwa ya rangi: mabanda marefu kama mabehewa, na kuku weupe waliopangwa mistari kama wanajeshi. Bwana wa reli alizinduka, akauliza watakula nini. Kijana akajibu kwamba watakula chakula cha kuku. Profesa akaandika jibu hilo.

Tukaitwa sisi. Mbuyi alizungumza vizuri. Alionyesha kitanuri cha mfano alichokijenga kwa udongo, akakiwasha, moshi ukapita pale pale ulipofunguliwa njia, na watu wakapiga makofi. Mkubwa wa mkoa alichukua samaki kwenye sinia yangu, akamega, akala, akachukua mwingine. Ndipo Profesa akanipa ishara kwa kidevu, nikasema sentensi yangu. Niliisema kwa sauti, bila kukosea neno. Nilipoinua macho nikamwona mama mdogo.

Alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na kikapu kichwani. Samaki aliokuwa akila mkubwa wa mkoa walikuwa wake. Alikuwa ametutumia kwa mtu, na hakuna aliyemwalika. Lakini alipenda kuona, akapanda mto siku mbili kwa mtumbwi akileta wengine, wasije wakatupungukia. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Idi.

Juri ilitoka nje kushauriana, ikakaa huko muda mfupi sana. Iliporudi, Profesa alisimama na kutangaza kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba mshindi ni mradi wa kuku, kwa ajili ya "upana wa maono." Kuhusu sisi alisema kwamba samaki ni bidhaa yenye harufu. Ukumbi ukacheka, wa kwanza mkubwa wa mkoa, na mafuta ya samaki bado yako kidevuni mwake.

Nilimkimbilia mama mdogo uani. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, anafunga upya kamba ya kikapu chake.

"Mama mudogo, umefika saa ngapi?"

"Nimefika ya kutosha." Aliendelea kufunga. "Nimesikia unasema siye wanawake wa mutoni hatujui kitu. Nikasema, labda anasema wengine. Wako wengi mutoni."

"Njo Profesa aliandika, mama."

"Ni kweli. Na mudomo ilikuwa ya nani?"

Alinipa kikapu, akasema niwape wenye njaa, akateremka kwenda mtoni mikono mitupu. Sikumfuata. Nilibaki pale na kikapu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

Kuku wa mradi ule hakuna aliyewaona. Chumba cha karibu na stesheni kikawa baa ya mpwa. Hilo sikulishangaa. Lililonishangaza lilikuja miezi michache baadaye, nilipopita nyuma ya nyumba ya Profesa nikaona matofali. Tanuri ilikuwa inapanda, vichanja vya waya, tundu la moshi mahali pale pale. Wageni kutoka Kinshasa walikuwa wamepita wakitafuta miradi ya kusaidia, na Profesa aliwaonyesha mchoro wa Mbuyi, umenakiliwa vizuri, na jina lake chini. Aliandika "mtafiti." Jina la Mbuyi halikuwemo, wala langu. La mama mdogo alishalikata zamani kwa kalamu nyekundu.

Mbuyi alitaka kwenda kuivunja kwa nyundo. Nikamwambia angoje.

"Tungoje nini?"

"Tungoje afuate kalamu yake nyekundu."

Profesa alinunua samaki, akaajiri watu wawili, akasimama kando na abakosti akiwaelekeza. Samaki walitoka motoni wekundu, wazuri, hata mimi nilivutiwa. Akawafunga palepale, moto moto, kwenye matenga, wakapanda gari-moshi siku ile ile, kwa kuwa wakati njo mali. Gari-moshi lilikwama njiani, kama kawaida yake. Behewa lile, nasikia, lilitengwa na mengine kabla halijafika popote, na wafanyakazi wa reli waliyatupa matenga porini wakiwa wameziba pua kwa vitambaa. Kuanzia hapo watoto wa Kasuku walimwita Profesa Harufu. Hakuwahi kugeuka walipomwita, lakini shingo ilijaa.

Mkewe alifuta masizi ukutani, akayauza matofali ya tanuri, akaendelea na mafuta yake.

Lazima niseme jambo moja jingine, ingawa nalisema shingo upande, kwa sababu Mbuyi aliniambia nikisimulia habari za mtu huyu nisiliache.

Mwaka kabla ya mashindano Mbuyi alikamatwa. Tulikuwa tumepangwa mstari asubuhi, bendera inapanda, na kamba ikakwama, bendera ikasimama nusu kama nguo ya kuanikwa. Mbuyi akacheka. Hakuweza kujizuia, na mimi niliyekuwa nyuma yake nilijiuma ulimi. Vijana wa Chama walimtoa mstarini wakaenda naye, na watu waliochekea bendera siku zile hawakurudi wote. Walimu waliinamisha vichwa. Mkuu wa chuo alikwenda nyumbani akasema ana malaria. Profesa aliweka chaki chini, akafunga vifungo vya abakosti mpaka shingoni, akatembea kwa mguu hadi kwenye lango la ofisi walikompeleka, akasimama. Walimwambia aondoke, hakuondoka. Walimwambia aingie, akakataa kuingia mpaka kijana atoke. Alisimama juani tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, bila kofia, bila maji, akirudia kwa Kifaransa sentensi moja: huyu ni mwanafunzi wangu na ana mtihani. Saa kumi hivi wakamsukuma Mbuyi nje, amevimba jicho, mzima.

Hilo alilifanya. Na kesho yake alimkabidhi Mbuyi mkoba wake wa ngozi, na Mbuyi akaubeba nyuma yake kila siku mpaka mwaka ukaisha, kutoka nyumbani hadi chuoni na kutoka chuoni hadi nyumbani, watu wakitazama. Alipouliza kama anaweza kuacha, Profesa alimjibu kwamba shukrani ni mtaji. Hivyo hata jema lake pekee alilila mwenyewe, mpaka mfupa. Mbuyi husema mimi ni mkali mno. Mbuyi alipata kazi ya reli upande wa kusini, amenenepa, na watu walionenepa husamehe kwa urahisi.

Mimi nilikwenda Lokandu. Sikuaga nyumbani vizuri, na baba hakusema nami miaka miwili. Nilimkuta mama mdogo anapanga samaki juu ya uchaga. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani. Alinitazama, akanisogezea kwa mguu rundo la vikapu vichafu.

"Osha ile."

Nikaosha. Nilifanya hivyo mpaka msimu ukapita, na ule wa pili akanipa kisu. Tulijenga tanuri ya Mbuyi kwa udongo wa mtoni, na samaki wetu walilala kivulini siku nzima kabla ya kufungwa. Niliporudi Kindu nilirudi na meza yangu sokoni Kasuku na nyumba ya kupanga, na ikawa, kwa bahati ambayo sikuiomba, nyumba ya tatu kutoka kwa Profesa. Hakuwahi kununua kwangu. Mkewe alinunua, akafunga kwenye jani, akaingia nao kwa mlango wa nyuma.

Niliishi karibu naye hivyo, tukisalimiana. "Sitwayeni," angesema, akiinua kidole kidogo, kama vile mimi ni raia yeyote wa Zaire aliyekatiza njia yake. "Profesa," ningejibu. Nilimwona akizeeka kwa hatua: abakosti ya kahawia ikaisha, ikabaki ya kijivu, mshahara wa chuo ukawa unakuja unapotaka, kitabu cha biashara hakikutoka. Mkewe alikufa msimu wa mvua, kwa homa ya siku nne. Nilikwenda kwenye matanga. Alikuwa amekaa katikati ya wanaume akiwaeleza sababu za kupanda kwa bei ya sanda. Nikaondoka kabla ya chakula.

Mara ya mwisho ilikuwa hospitalini. Wifi yangu alikuwa amejifungua, nami nilikuwa nimembebea uji na maji ya moto katika chupa. Nilipita wodi ya wanaume kwa kuwa mlango wa upande wa pili ulikuwa umefungwa, na kwenye kitanda cha dirishani nikaona shingo ile, imekonda sasa, ngozi imebaki kama mfuko mtupu.

Nilitaka kupita. Akaniita kwa jina langu. Sikujua kama analijua.

"Karibia. Kaa."

Nilisimama.

"Ulikuwa wa kwanza," akasema.

"Wa kwanza wa nini, Profesa?"

"Siku ile ya mashindano. Weye na ule mutoto wa Kasai. Kwa karatasi yangu niliandika samaki ya kwanza, kuku ya mwisho. Mwisho kabisa." Alivuta pumzi. "Tulipotoka inje mukubwa akaniambia, Profesa, mwaka huu hatukukutaja kwa orodha ya nyumba za serikali, lakini tunaweza kukutaja. Sikujibu kitu. Nikachana karatasi, nikaandika ingine."

Alinitazama akingoja. Uso ulikuwa umetulia, karibu na furaha, kama wa mtu aliyehifadhi kitu kizuri miaka mingi na leo amepata wa kumpa. Nilielewa kwamba amenipa zawadi. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemdharau nikidhani ni mjinga, kwamba aliona picha ya kuku waliopangwa mistari akaamini ni biashara. Kumbe alijua. Aliujua mradi mzuri alipouona, aliupima sawasawa, kuliko bwana wa reli, kuliko mtu yeyote ukumbini pale. Mjinga ningemsamehe.

"Nyumba ulipata?" nikauliza.

"Hapana." Akafikiri. "Walisahau."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa. Profesa alisogeza ulimi juu ya midomo iliyopasuka, akaangalia chupa iliyokuwa mkononi mwangu, hakuomba. Hapakuwa na kikombe karibu naye, wala mtu. Nikafungua chupa, nikamimina maji kwenye kifuniko, nikapuliza yapoe, nikamshika kisogo. Kilikuwa chepesi, na moto. Alikunywa polepole, amefumba macho, mpaka akamaliza.

"Sasa nenda," akasema. "Unanikatia hewa ya dirisha."

Nikajaza kifuniko tena, nikakiacha karibu na mkono wake, nikaenda kumwona mtoto.